Waliotazama Ukuta

Nadra alikuwa ameshalipita duka la vitambaa, msikiti uko mbele yake, na bado hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyeinua macho kumtazama.

Alikuwa anaondoka. Begi lake lilikuwa limetangulia juu ya punda, na nyuma yake alifuata mama yake, Bi Mahfudha, na kikapu cha chakula cha njiani. Boti ya Mokowe ilikuwa inangoja gatini, na kutoka Mokowe ni basi mpaka Mombasa. Mtu kuondoka Lamu si habari, watu huondoka kila asubuhi. Habari ilikuwa uso wa Nadra. Ulikuwa wazi. Binti wa mtaa wa Mkomani, wa nyumba ya Bwana Jamaludin, ambaye tangu avunje ungo hakupata kupita njiani bila kitambaa cheusi cha uso, kile kiitwacho ninja, leo alikuwa anautembeza uso wake Usita wa Mui mzima, njia kuu ya mji, saa mbili na nusu asubuhi, watu wamejaa tele. Na mkono wa kulia wa buibui alikuwa ameukunja mpaka kwenye kiwiko.

Wanaume wakafanya walivyofunzwa. Muuza kahawa akainamia dele lake kana kwamba ameangusha kitu ndani. Wawili waliokuwa wakibishania mpira wakanyamaza, wakahesabu vidole vyao vya miguu. Mzee mmoja akageukia ukuta kabisa na kuleta astaghfirullah kwa sauti, isije ikawa Mola peke yake ndiye aliyemsikia. Hao ndio waliomtazama mwanamke mmoja wakidhani ni yeye, asubuhi na jioni, miezi miwili, simu zikapata moto mikononi mwao. Leo amewaletea uso wenyewe mpaka mlangoni, wauone, wajue kwamba siye. Na leo ndiyo siku waliyochagua kuwa wacha Mungu.

Fundi Mselem alikuwa amekaa kwenye baraza ya duka la misumari, kikapu chake cha miko kiko miguuni. Yeye alijua kwa nini ule mkono umekunjwa. Ukimtoa baba yake binti, katika wanaume wote wa mji ule yeye ndiye pekee aliyejua, na alikuwa anaomba kimoyomoyo punda akaze mwendo, binti apite, yaishe.

Mselem ni mtu wa Chundwa, kisiwani Pate, lakini miaka thelathini alikula riziki yake Mkomani kwa chokaa. Nyumba za mawe za Mkomani zina chumba cha nyuma kabisa ambacho wenyewe hukiita ndani, na ukuta wake umejaa zidaka: vishubaka vya chokaa, mstari juu ya mstari, zimechongwa kwa kisu mpaka ukuta unafanana na lesi. Hapo ndipo bibi harusi huketishwa wanawake wakaja kumwona. Mwanamume wa nje hafiki huko, isipokuwa fundi. Na kwa sababu anafika, fundi ana sharti lake, alilopewa na aliyemfunza kazi: piga hodi mara tatu, kohoa kwenye kila mlango, na ukitoka hukuona kitu. Fundi hana macho. Siku ukisikika umesema nywele za binti fulani ni ndefu, kikapu chako kitundike msumarini, hapana mlango utakaokufungukia tena.

Miaka minane nyuma ukuta wa ndani wa Bwana Jamaludin ulikuwa umeanza kumeguka kwa chumvi, na Mselem akaitwa kuutengeneza. Alikuwa ameacha ndoo ya chokaa uani, ameitia maji, inatokota, naye ameingia kufuata kisu. Nadra alikuwa na miaka kumi na minne. Alipita pale, bangili yake ikamtoka ikaangukia ndooni, naye kwa akili za umri ule akatia mkono kuifuata. Mselem alisikia ukelele mmoja tu. Alitoka mbio, hakukohoa, hakupiga hodi, akamkamata mtoto mkono na kuutia kwenye birika, lile tangi la mawe la maji, akawa anamwagia kata juu ya kata. Bi Mahfudha alipotokea alimkuta fundi wa watu ameshika mkono wa binti yake, binti kichwa wazi, na ngozi inatoka kama ganda la kitunguu.

Mama yule alikuwa mwepesi wa kufikiri. Kwanza alimfunika mtoto kichwa. Pili akasema, "Fundi, hukuona kitu."

"Sikuona, Bi."

Bwana Jamaludin aliambiwa ni mafuta ya mahamri. Mselem alirudi kazini mchana uleule, na kidaka alichokimaliza siku hiyo, cha pembeni, mstari wa tatu, ukingo wake ulilala upande. Alitaka kukivunja akifanye upya. Hakukivunja. Mtu yeyote angeona ukuta mzuri tu. Yeye, kila akikumbuka nyumba ile, alikuwa anaona ukingo umelala.

Sasa mwaka huu, baada ya Ramadhani, Bwana Jamaludin alipelekwa Mombasa kufanyiwa operesheni ya macho, mkewe na bintiye wakaenda naye kumuuguza. Nyumba ikaachwa mikononi mwa Fahmi, mtoto wa ndugu yake, kijana anayewatafutia wageni mahali pa kulala. Wakaja watu kutoka Nairobi na kamera, wanataka nyumba ya kale kwa siku mbili, wapige picha za wimbo. Fahmi akauliza, kuna mambo mabaya humo? Wakamwambia ni utamaduni. Akawapa funguo, akaenda zake kuvua.

Utamaduni wenyewe Mselem aliuona wiki tatu baadaye, kwenye baraza ileile ya duka la misumari, katika simu ya Mahdi. Mahdi huyu ni mtoto wa Bwana Abdulwahid mwenye maduka ya mbao, kijana wa kunyoa kila Ijumaa, na posa yake kwa Nadra ilikuwa imeshakubaliwa, arusi mwezi wa Mfungo Sita. Nyumba zote mbili ni za mambo ya kale: mama yake alikuwa amemwambia mchumba wake ni mzuri, naye ametosheka na maneno ya mama. Uso wake alikuwa hajauona.

"Chekini hii, mabwana," Mahdi alisema. "Imetoka juzi. Wameandika Mtoto wa Ndani, Lamu. Lamu gani hii?"

"Lamu ya Nairobi hiyo. Sogeza hapa."

"Hebu irudishe nyuma kidogo."

"Usirudishe, iwate iende. Mbele ndiko kwenye mambo."

"Astaghfirullah, mwanamke huyu. Irudishe."

Mwanamke wa video alikuwa amevishwa buibui lililofunguka mbele kama mlango usio na komeo, na ndani ya buibui hamkuwa na nguo ya kutosha kufuta meza. Usoni ana ninja. Mikono wazi mpaka mabegani, miguu ina hina, na mwishoni, mara moja tu, kama kupepesa, anainua ile ninja na kucheka. Mwanamume mmoja anaimba, lakini wimbo ule ukimuuliza yeyote wa baraza ile hata leo hajui unasemaje. Mselem aliitazama mara tatu pamoja nao. Mara ya kwanza na ya pili alitazama kile kilichotazamwa na wote. Mara ya tatu jicho lake likateleza likaingia nyuma ya bega la mwanamke, na hapo moyo ukamruka kwa furaha, ile furaha ya kipumbavu anayoipata mtu akiona kazi ya mikono yake mahali asipotarajia.

"Nyinyi mwatazama nyama," alisema. "Miye natazama ukuta. Ukuta huo ni wangu."

Wakacheka. "Fundi ameona ukuta. Haya, wako vipi?"

"Hapo, mstari wa tatu, kidaka cha pembeni. Ukingo umelala. Hakuna mwengine hivyo nti nzima. Hapo ni ndani ya Bwana Jamaludin."

Alikuwa bado anatabasamu alipoona hapana mwingine anayetabasamu. Kidole gumba cha Mahdi kilikuwa kimesimama juu ya kioo. Video ikajirudia yenyewe kutoka mwanzo, yule mwanamke akaanza upya kuingia kwa maringo katika chumba ambacho kila mtu pale sasa alijua ni cha nani. Na binti wa nyumba ile hapana aliyepata kumwona. Wenye kukijua kiwiliwili cha binti wa Jamaludin hawakuwako barazani. Waliokuwako walikuwa wanaujua ukuta, na ukuta ulitosha.

Mselem akasema, "Sikusema ni yeye. Nimesema ukuta."

"Hakuna aliyesema kitu, Fundi," mmoja alimjibu. Na ndivyo ilivyoenea, hakuna aliyesema kitu. Kufika adhuhuri hakuna aliyesema kitu mpaka mtaa wa Langoni. Siku ya pili hakuna aliyesema kitu mpaka Pate na Ndau, kwa simu.

Nadra na wazazi wake walirudi Lamu juma lile wakiwa hawajui lolote, Bwana Jamaludin na miwani yake myeusi, na wakashangaa boti nzima ilivyonyamaza.

Fahmi alilia, akaapa kwa msahafu kwamba wale walikuja na mwanamke wao, na Nadra siku hizo alikuwa Mombasa. Wakamwambia, boti huenda na kurudi kila siku, nawe utasemaje, huyo si nduguyo? Na hapo ndipo palipokuwa na fundo, ambalo Mselem alikaa akaligeuza na kuligeuza asilipatie ncha. Wanaume wote wameiona video, lakini hapana anayeijua sura ya Nadra. Wanawake wote wanaijua sura ya Nadra, wamecheza naye vugo katika arusi chungu nzima, lakini hapana hata mmoja aliyekubali kuwa ameiona video. Ili mtu aseme siye, sharti awe ameona huku na ameona kule. Mtu huyo alikuwa mmoja. Na alikuwa fundi, na fundi hana macho.

Bi Mahfudha alimfuata alipokuwa akipaka chokaa ukuta wa madrasa. Alisimama mbali kidogo, ninja usoni, sauti imekauka.

"Fundi. Weye umeiona ile video."

"Bi, kila mtu..."

"Sikuuliza kila mtu."

"Nimeiona."

"Mikono ya yule mwanamke iko vipi?"

"Iko wazi."

"Wa kulia una kovu?"

Mselem aliuchovya mwiko katika ndoo, akautoa, akauchovya tena. "Hauna, Bi."

"Kesho baada ya Alasiri Bwana Abdulwahid aya kwetu. Nataka useme hivyo. Useme mkono wa Nadra una baka la chokaa yako kutoka kifundo mpaka kiwiko, na yule hana. Basi."

"Bwana Jamaludin ayua ni mafuta."

"Nishamwambia ukweli. Amekubali. Kwani video ile imeniachia nini cha kuficha?"

"Hamngewaonyesha wanawake wao?"

Bi Mahfudha alicheka kicheko kisicho na meno. "Nimekwenda kwa Bi Rawiya, mamake Mahdi. Nikamwambia, mwanangu huyu hapa, mkono wake huu hapa, na video hii hapa, linganisha. Akaniambia uchafu kama huo hauingii nyumbani mwake, hawezi kulinganisha asichokiona. Ananitilia chai. Mara akaniuliza, hina ile ya miguuni Nadra alipakwa na nani?"

Mselem akapaka pigo moja la chokaa ukutani.

"Wataniuliza mkono niliuonea wapi," alisema.

"Utasema mtoto aliungua ukamuosha. Mtoto wa miaka kumi na minne."

"Na wataniuliza nimejuaje mikono ya yule mwengine. Miye nilisema mbele ya watu natazama ukuta."

Bi Mahfudha aligeuka akamtazama. Yale macho tu yaliyoonekana, na yalitosha.

"Hilo ndilo likutialo haya, Fundi?" alisema. "Hilo?"

Siku ya pili walikaa katika daka la Bwana Jamaludin, ile sebule ndogo ya mlangoni yenye viti vya mawe pande mbili. Bwana Abdulwahid upande huu, mwanawe kando yake. Upande ule Bwana Jamaludin, miwani myeusi usoni, fimbo kati ya magoti. Mselem alipewa pembe. Nyuma ya mlango wa ndani palikuwa kimya, kimya cha watu waliosimama.

Bwana Abdulwahid ana sauti laini, ungedhani anamliwaza mtoto. Alisifu nyumba, alisifu wazee waliotangulia, alisema fitina ni mbaya kuliko kuua. Kisha akasema, "Tumeambiwa Fundi ana neno."

"Siye," Mselem alisema.

"Siye nani?"

"Yule wa video. Si binti wa nyumba hii."

"Wayuaje, Fundi?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa ulimini kama kokwa ya tende. Alichohitaji ni kulitema tu, kovu. Akaiona milango yote ya Mkomani mmoja mmoja: nusu yake ilikuwa na kazi yake ndani, na nusu nyingine ilikuwa inamngoja. Bwana Jamaludin aligeuza uso wake uliofungwa miwani kumwelekea, akangoja.

"Si Fundi alituambia yeye aona ukuta tu?" Mahdi alisema, na mdomo wake ukapinda upande kwa kicheko. "Au uliona na mengine?"

"Niliona ukuta," alisema Mselem.

"Ukuta peke yake?"

"Ukuta."

"Basi ushahidi wako ni wa ukuta," Bwana Abdulwahid alisema kwa upole uleule. "Na ukuta ni wa nyumba gani?"

"Ni wa nyumba hii."

Punda alipita nje. Bwana Jamaludin akauliza, bila kugeuka, "Na weye Mahdi, umeiona?"

"Nilionyeshwa, mzee."

Mselem alikuwa anajua nani aliyemwonyesha nani. Aliijua simu, na aliujua mpasuko wa kioo chake. Akatazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri, kazi ya watu wa zamani.

Posa ilirudishwa kwa maneno mazuri. Hakuna aliyemshutumu mtu, Mungu ndiye ajuaye, nasaba ni kama kanzu ya Ijumaa, doa hata likiwa si lako watu huliona juu yako. Walipokuwa wanatoka, Mselem alisikia nyuma ya mlango wa ndani sauti ya binti, si ya kulia. Ilisema tu, "Mama, amesema ukuta."

Nadra hakukaa kitako. Alimbana Fahmi mpaka akampa namba ya mmoja wa wale wenye kamera, na kutoka namba hadi namba akampata mwanamke mwenyewe. Siku chache baadaye ikaingia kwenye simu za watu video nyingine. Mselem aliitazamia palepale barazani. Mwanamke ameketi kitandani, fulana, kitambaa kichwani, uso mtupu kama wa mtu aliyetoka kuoga, nyuma yake pazia la maua.

"Mimi naitwa Keziah," alisema. "Ni mimi nilidansi kwa ile video ya Lamu. Si msichana wa hiyo nyumba, huyo hata hatujawahi kuonana, ameniongelesha kwa simu tu. Kudansi ni kazi yangu, na siwezi kuja hapa kuwadanganya ati nalia. Lakini hiyo siku walinivalisha buibui na ninja, na chini wakaniacha vile mliona. Nikawauliza, kwani hawa mama wa huku mnawatakia nini? Wakaniambia bila hiyo ninja hakuna mtu atatazama, wasichana uchi wako kila mahali. Na mkatazama. Sasa tazameni na hii. Angalieni mkono wangu. Huyo dada wa Lamu wake una alama." Akauinua mkono wake wa kulia, mlaini, hauna kitu.

"Hii nayo kaileta nani?" mmoja akauliza.

"Huyu siye. Yule alikuwa mzuri."

"Huyu hata si mzuri. Amelipwa huyu."

"Alama gani? Nani aliyeiona hiyo alama?"

Mselem alikuwa amekaa katikati yao. Video ya kwanza ilikuwa imetazamwa mara laki tatu na zaidi. Hii ya pili, ilipokwisha kujulikana na kusahauliwa, ilikuwa mia na arobaini.

Basi ndiyo hiyo asubuhi ya Usita wa Mui, na yule punda aliyekuwa akiombewa akaze mwendo akasimama palepale mbele ya duka la misumari, kwa sababu mkokoteni wa saruji ulikuwa umeziba njia. Nadra akasimama naye. Mselem aliona viatu vyake kwanza, kisha pindo la buibui. Havikuondoka.

"Salamu alaikum, Fundi."

Akajibu kwa chini.

"Inua mato. Umeshanitazama miaka minane nyuma, hapana jipya."

Akainua. Ulikuwa uso wa mtu mzima sasa, mwembamba, wa baba yake, na hakuna aliyemwona yule wa video ambaye angeudhania ni wake. Chini ya kiwiko kilichofunuliwa, lile baka lilikuwa palepale, jeupe na jekundu, kama ramani ya visiwa.

"Mkono huu wauyua?"

"Nauyua."

"Watu hawa hapa. Na mimi naondoka, sihitaji tena mume kutoka kwao. Nataka tu kusikia mtu akisema."

Bi Mahfudha aliweka kikapu chini. Muuza duka alikuwa amesimama na mzani mkononi, haupandi wala haushuki. Mselem akainuka.

"Siye," alisema, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Yule wa video siye huyu. Huyu mkono wake una kovu la chokaa yangu. Aliungua kwao, nikamuosha kwa mikono yangu miwili hii. Na yule wa video nimemtazama, sikutazama ukuta, nilimtazama yeye, mikono yote miwili, na hana kovu. Mahdi ndiye aliyetuonyesha. Sote tulikuwapo."

Alitaraji kitu baada ya hapo. Hakukiona. Nyuma yake, mtu ambaye macho yake bado yalikuwa ardhini akauliza, taratibu, kama anayeulizia bei ya samaki:

"Ameushika?"

"Kwao, asema. Ndani."

"Miaka minane. La haula."

Nadra aliwasikia. Aliushusha mkono wa buibui mpaka kwenye kifundo, akaunyoosha vizuri kama mtu anayekunja nguo za safari.

"Miezi miwili, Fundi," alisema. "Ungeyasema siku ile mbele ya baba yangu, ingekuwa ushahidi. Leo umewapa video ya tatu."

Mkokoteni ukasogea, punda akaenda, naye akamfuata. Mselem alibaki amesimama akawaona mpaka gatini. Kabla ya kutia mguu botini Nadra alisimama, akatoa ninja yake mkobani, akaivaa, akaifunga mwenyewe nyuma ya kichwa bila haraka. Hapo ndipo watu wakainua macho wakamtazama.

Nadra yuko Mombasa, anaandika majina ya wagonjwa katika zahanati moja ya meno. Hajaolewa. Mahdi alioa mwezi uleule wa Mfungo Sita, binti anayeitwa Asmaa, na simu amenunua mpya. Bi Rawiya alialika wanawake mia tatu, na simu zilikusanywa mlangoni zikatiwa kapuni. Bwana Abdulwahid ameongeza duka. Fahmi anafanya kazi Malindi kwa wageni. Keziah bado anadansi. Walizungumza na Nadra mara mbili baada ya hapo, kisha namba ya Keziah ikawa haipatikani. Bwana Jamaludin alirudiwa na nuru jicho moja tu. Alimwita fundi mwingine, zidaka zote za ndani zikabomolewa na ukuta ukapigwa lipu ya saruji, wima, mtupu. Video ile ingaliko, na ukuta wa zamani unaonekana humo wote, pamoja na ukingo uliolala. Fundi Mselem hapigiwi tena hodi wala hapigi. Alirudi Chundwa, anajenga matangi ya maji ya mvua. Bi Mahfudha huenda kumwona mwanawe kila baada ya miezi mitatu, na akipita Usita wa Mui hamsalimu mtu.